Siku Longino Alipoondoa Sinia

Baba Konsolata, mume wangu,

Kaa vizuri huko uliko, maana hili ninalotaka kukuambia halitaki mtu aliyesimama. Mimi nililipokea nimesimama, nina ungo wa mchele mkononi, na mchele wote ukaishia chini. Kuku wa jirani walishinda sikukuu siku ile. Naandika waziwazi, asome atakayesoma, kwa sababu ile siri tuliyokuwa tunailinda mimi na wewe, kila mtu kwa upande wake, kumbe haikuwa siri. Nimeshituka jamani. Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni najikuta nasema "Haa!" kwa sauti, na Konsolata ananiuliza, "Mama, unaongea na nani?" Naongea na wewe, nitaongea na nani mwingine?

Nianzie mezani. Unaikumbuka meza yenu pale baa kwa Longino, Lizaboni hapa Songea, ile iliyokuwa inatazamana na dirisha la jiko la baa, nilimokuwa mpishi. Ulikuwa wewe, mtunza ghala la Ushirika, na shati lako la pasi. Alikuwepo Mzee Kasiani, fundi cherehani, na kofia yake ambayo hakuivua hata kanisani mpaka padri alipomtazama. Na alikuwepo Rashidi, dereva wa lori la tumbaku kutoka Namtumbo, aliyekuwa anakunywa soda tu na bado akawashinda ninyi wote kwa maneno ya kilevi. Jua likianza kulegea mlikuwa mmeshakaa. Nami nyuma ya wavu wa dirisha nilikuwa nawasongea ugali.

Mlikuwa mnakula sinia moja. Ugali katikati, bakuli la mchuzi wa utumbo, likolo, mboga ya majani niliyoiunga kwa karanga, na dagaa wa Nyasa siku gari la ziwani likiwahi. Kabla sijaleta, kofia ya Mzee Kasiani ilikuwa inapita chini ya meza. Kila mtu alitia mkono, akaacha shilingi alizonazo, na kumtazama mwenzake wakati mkono uko ndani ya kofia ilikuwa ni utovu wa adabu kuliko kumkanyaga mama mkwe. Kofia ikifika kwa Longino, mimi naambiwa, "Mama Konso, pakua." Kama imejaa mnakula nyama nyingi, kama imepungua mnakula mboga nyingi, na hakuna aliyejua nani ametia nini. Ndiyo ilikuwa sheria ya meza ile, na hakuna aliyeiandika.

Sinia lenyewe lilikuwa na ubonyeo upande mmoja. Uliliangusha wewe, siku ya ubatizo wa Konsolata tulipoliazima. Basi nilikuwa nalitua mezani ule ubonyeo ukiwa umekuelekea wewe, na ulikuwa unanichokoza kupitia dirishani:

"Mpishi! Leo chumvi umeitia au umeipanda shamba zima?"

"Kama haikufai, nenda kale kwa mke wako."

"Mke wangu naye hajui kupika."

Baa nzima ilikuwa inacheka, na wageni waliokuwa hawatujui walishangaa wakituona tunatoka pamoja kwenda nyumbani.

Sasa nisikilize. Nilijua.

Nilijua tangu wiki ile walipowapunguza kazini. Hukuniambia. Uliamka asubuhi, ukavaa shati, ukachukua mkoba, ukatoka. Lakini Alois, mimi nilikaa miaka yote na mlio wa funguo zako za ghala kiunoni. Nilikuwa nakusikia kabla sijakuona. Zile zilikuwa funguo nzito, zilikuwa na sauti ya kengele ya ng'ombe. Kumbe walikunyang'anya siku ile ile, na wewe ukaenda kuokoteza funguo nyingine ukazitia kwenye pete ili mke wako asikie mlio. Siku moja ulipokuwa unaoga nikaishika ile pete. Haa! Ufunguo wa sanduku langu la arusi, lile lililoliwa na mchwa. Ufunguo wa kufuli tulilolitupa. Na kijiko, Baba Konsolata, kijiko cha chai kilichokatika mpini. Nilikaa chini pale pale. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga yowe, nikashindwa vyote viwili. Nikairudisha pete mahali pake na kukuchotea maji mengine.

Utauliza kwa nini sikusema. Mwanaume aliyepiga pasi shati ili kunidanganya, ningemvua vipi? Siku zile ulimwengu ulikuwa umegeuka. Mlango mmoja ulikuwa unaingiza mitumba, redio kaseti, mafuta ya kula kwenye madumu ya njano, na maduka yaliyozoea kuuza chumvi na kiberiti yakaanza kuuza vitu ambavyo hata mwenye duka hakujua kazi yake. Mlango wa pili ulikuwa unatoa watu makazini. Wengine walianza kunywa toka asubuhi, na mmoja wa mtaa wetu aliacha familia akaenda machimboni asirudi. Nikasema, wangu anavaa shati na kutembea. Mwache atembee.

Lakini nyumbani ulikuwa huli. Nikipakua unasema, "Wape watoto, mimi nimekula kazini." Kazini gani? Mshahara wangu wa jikoni haukutosha matumbo yote, ulijua, ukaliondoa tumbo lako kimyakimya. Kwa hiyo chakula chako cha siku nzima kilikuwa ni sinia la kwa Longino. Mkono wako uliingia kwenye kofia mtupu ukatoka mtupu. Wahenga wanasema mkono mtupu haulambwi. Wako ulilambwa kila siku ya Mungu, kwa sababu sinia haliulizi nani ametoa. Nami nilikuwa nafukia vipande vya utumbo chini ya ugali upande wa ubonyeo, kisha nakutazama kupitia wavu unavyovikuta na kushangaa, kama mtoto aliyeokota sarafu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nikajiambia, na kata ni mimi peke yangu. Nilijivuna kwa hilo, sikufichi.

Ndipo Longino akaenda Dar es Salaam kufuata vipuri vya friji.

Alirudi na macho mekundu ya safari na kabati la vioo. Alirudi na sahani za plastiki za rangi rangi, uma, chupa ya sosi nyekundu na vikopo vya vijiti vya kuchokolea meno. Akaja jikoni bila hata kunisalimu.

"Mama Konso, kuanzia leo ugali basi."

"Basi vipi?"

"Basi! Utumbo basi, mambo ya majani basi. Chipsi na mayai, chipsi na kuku. Mtu anaagiza yake, analipa yake, anakula kwa sahani yake. Dar yote inakula hivyo."

"Na sinia?"

"Fugia bata."

Nilishika ukuta. Longino alidhani nimeshangazwa na maendeleo. Mimi nilikuwa naona kitu kimoja tu: wewe mbele ya sahani ya plastiki, unaulizwa mbele za watu, "Wewe unaagiza nini?"

Mlipokuja jioni ile, nilikuwa nimesimama dirishani na kijiko cha mafuta, jasho linanitoka. Hakuna kofia iliyopita. Longino mwenyewe, kavaa shati jipya la maua, akawawekea wenzako sahani za chipsi mezani kama anagawa vyeti. Mzee Kasiani akainamia sahani yake, akainua kofia kidogo apate kuona vizuri.

"Longino, mwanangu. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mzee."

"Mbona viazi? Viazi mviringo wanapelekewa wagonjwa."

Rashidi akachukua kimoja kwa uma, akakigeuza kwenye mwanga. "Wallahi, hizi ni njiti. Longino ametuwekea njiti za kuwashia moto akamwagia damu."

"Ni sosi hiyo!"

"Na tonge linakatwa wapi hapa?" akauliza Mzee Kasiani. "Nioneshe tonge linapoanzia, nianze."

Baa nzima ilikuwa inawatazama. Watu wa meza nyingine walikuwa wameshikilia vichwa, mmoja akawa anapiga ishara ya msalaba. Mimi sikuwa nawasikiliza. Nilikuwa nakutazama wewe. Longino alikusimamia kichwani akauliza lile swali, na wewe ukatabasamu, ukagonga zile funguo zako kiunoni, ukasema, "Mimi leo nimekula kazini." Kisha ukanyoosha mkono kwenye kikopo, ukachukua kijiti, ukaanza kuchokoa meno.

Meno ambayo hayakuwa yametafuna kitu tangu jana yake.

Nimezika wazazi wote wawili, nimezika mtoto, nawe unajua. Lakini sijawahi kuona kitu kilichonishitua kama kile kijiti mdomoni mwako. Kijiko kilinidondoka kwenye mafuta. Kovu la mkono wangu wa kulia ulilokuwa unaniuliza limetoka wapi, nikakuambia sufuria, lilitoka pale.

Kesho yake hukuja. Nilitumwa Mjimwema kufuata viazi, nikakuona kwa mbali umekaa kwenye baraza la duka lililofungwa, mkoba juu ya magoti, shati jeupe, kama mtu anayengoja ofisi ifunguliwe. Nilipita njia nyingine. Nililia njia nzima, mwenye viazi akanipunguzia bei akidhani nimefiwa.

Halafu wenzio wakaanza mgomo. Unaukumbuka ule mgomo! Walikuja, wakaagiza vinywaji, wakala hewa. Chipsi zikapoa kwenye kabati la vioo mpaka zikajikunja. Mzee Kasiani akawa anahubiri kwa kila aliyeingia kwamba chipsi zinalegeza goti, na kwamba mtu mzima akila peke yake kwenye sahani yake ndiyo mwanzo wa uchawi. Rashidi alisema mafuta yale angeyatia kwenye lori likakataa kuwaka. Longino alibembeleza mpaka sauti ikamkauka.

"Wazee wangu, mji unabadilika!"

"Ubadilike," akasema Mzee Kasiani, "lakini utukute tumeshiba."

Na Rashidi ndiye aliyekufuata. Alisimamisha lori mbele ya baraza lile, akakupigia kelele mtaa mzima ukasikia, "Alois, panda! Kuna mgomo na wewe umekaa tu!" Uliingia baa siku ile kama jenerali. Hakuna aliyekuuliza ulikuwa wapi. Ukapiga meza, ukasimama, ukasema kwa ile sauti yako ya kuimba kanisani: "Longino! Mimi chipsi nitazila siku nikishakufa. Nikiwa hai, lete sinia!" Watu wakashangilia, chupa zikagongwa. Longino akakaa juu ya kreti la bia, akashika kichwa, akaniita.

"Mama Konso. Bata wameshapanda juu ya lile sinia?"

"Bado."

"Lioshe basi."

Nililisugua kwa majivu na mchanga mpaka nikajiona usoni. Niliwapikia utumbo ule kama napikia maaskofu. Kofia ikapita chini ya meza, mkono wako ukaingia, ukatoka. Nikalitua sinia, ubonyeo upande wako. Ukakata tonge, ukanitazama kupitia wavu.

"Mpishi, leo chumvi imekaa."

Nikafunika macho kwa kanga. Longino aliniuliza nalia nini, nikamwambia vitunguu, akatazama mezani kwangu hakuona hata kitunguu kimoja. Akaondoka zake, maskini, siku zile alikuwa haelewi kitu. Kabati lake la vioo alilihamishia stendi, na huko wasafiri wakazipigania chipsi zake mpaka akajenga. Kwa hiyo usimhurumie sana.

Ulipopata ile kazi ya kusimamia mashine ya kusaga, ndipo ulipokuja kunikalisha chini. "Mama Konso, nina habari mbaya na nzuri. Ushirika wamenipunguza kazi. Lakini usishituke, nimepata nyingine." Mume wangu, nilishituka kwa ufundi. Nilishika kifua. Nilisema, "Yesu na Maria! Lini?" Ukasema, "Juzi tu." Nikasema, "Haa!" Ukanishika bega ukaniambia nijikaze. Nikajikaza.

Nawe hukula chipsi maisha yako yote. Konsolata alipoanza kazi na kukuletea kwenye mfuko wa karatasi, za moto kabisa, uliusukuma ule mfuko. "Sili. Wanaume tuliapa." Mtoto akanuna. Uliamini kabisa kwamba wenzako walizichukia kama wewe, na hukuwa tayari kuwa wa kwanza kuwasaliti. Hata zile wiki za mwisho, ulipokuwa hutaki kitu, nesi alisema tukupe chochote utakachotamani, hata chipsi, ukatikisa kichwa.

Sasa ndiyo lile jambo. Ulipokwisha kuzikwa, Mzee Kasiani alikuja kunitazama. Anatembelea fimbo, ile kofia ipo, imebaki nyuzi. Nilikuwa napepeta mchele wa wageni. Akakaa, akauliza, "Shemeji, kukaanga chipsi bado unakumbuka?"

"Za nini, mzee? Si mliapa?"

Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, na machozi yanamtoka humo humo. "Shemeji, tulizipenda. Tulizipenda sana! Siku ile ya kwanza Alois alipoondoka, mimi na Rashidi tulikula za kwetu na za jirani. Ule mgomo wote, Rashidi alikuwa ananunua kwa mlango wa nyuma kupitia kwa mtu, anazificha kwenye lori, tunazila tumefunga vioo. Sosi ilinimwagikia kwenye kofia, doa mpaka leo hili hapa."

Akanionesha doa.

"Sasa mligoma nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Kila mtu na sahani yake, Alois angekula wapi?"

Hapo ndipo ungo uliponitoka. Walijua, Baba Konsolata! Rashidi ndiye aliyekuwa analeta tumbaku pale ghalani, akakuta kufuli geni mlangoni, akaja akamwambia Kasiani kabla wewe hujafika mezani, wakakubaliana hakuna kusema. Kila mtu akawa anaongeza kidogo kwenye kofia, pengo lako lisionekane. Na utumbo ule niliokuwa nafukia upande wako, nikidhani ni mimi tu? Kasiani anasema walikuwa wanakusukumia na wao wakijifanya wameshiba. Ndiyo maana ulikuwa unashangaa. Ulikuwa unakuta nyama kuliko hata niliyoweka mimi.

Nitakuambia ukweli, kwanza nilikasirika. Nilimfokea mzee wa watu mpaka fimbo ikamwanguka. Miaka yote nimebeba mzigo ule peke yangu, najiona mke wa pekee Songea nzima, kumbe kulikuwa na wanaume wameushika upande wa pili na hawakunigusa hata kidole cha kunijulisha! Yeye akasubiri nimalize. Akasema, "Na wewe ulijua? Haa!" Tukatazamana. Tukacheka mpaka Konsolata akaja kutuuliza kama tumerukwa na akili, na msiba hata haujapoa.

Jana ilikuwa arobaini yako. Waombolezaji wengine nimewapikia pilau na ugali, wamekula wameshukuru. Lakini kwenye mkeka wa uani niliwakalisha Mzee Kasiani, Rashidi aliyekuja na mjukuu wake wa kumshika mkono, na hata Longino, ambaye tulimweleza habari yote pale pale akabaki mdomo wazi, hakuufunga mpaka tulipomlisha. Nilikaanga chipsi. Nilikaanga nyingi, kwa mafuta mapya, na sikuzipakua kwenye sahani. Nililishusha sinia letu ukutani, maana Longino alinipa nilipoacha kazi, nikazimwaga humo zote, mlima mzima.

Walinawa. Rashidi akasema bismillahi, Kasiani akapiga ishara ya msalaba, wakala kwa mikono, kwa uroho wa watu waliojinyima kwa muda mrefu. Mahali penye ubonyeo hakuna aliyekaa, hatukuambizana. Nikiwa nimesimama na birika la maji, niliona mkono wa Mzee Kasiani unatoka upande wake na kusukuma chipsi kidogo kuelekea ule upande. Hakutazama. Mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Kisha wa Rashidi. Zikajaa pale.

Ulisema utazila siku ukishakufa. Basi njoo, zinapoa.

Mpishi wako asiyejua kupika,
Mama Konsolata